Assumani bin Idi, mpiga mbiu aliyekataa kusema "wamekubali"

Ndugu, jamaa, majirani, na wewe Jumbe Hadji uliyekuja bila kuitwa, marehemu Assumani bin Idi alizaliwa Minago, mwezi wa Shaabani, mwaka 1290 wa Hijra, mtoto wa tatu wa mzee Idi, mchonga mitumbwi, na mama yake alikuwa mwanamke wa Gatete, ndiyo maana marehemu aliongea Kiswahili na Kirundi kwa ulimi mmoja.

Alitiwa chuoni hapa Rumonge mwaka 1298, akahitimu Kurani, na mwalimu wake alipenda kusema kwamba sauti ya mtoto huyu inafika ng'ambo ya ziwa kabla ya mtumbwi. Kwa sauti hiyo akapata kazi, mwaka 1316, bendera ya Wadachi, yaani Wajerumani, ilipokwisha kupandishwa, Jumbe akamkabidhi pembe ya mbiu, awe anatangaza amri za boma mtaa kwa mtaa.

Mwezi wa Rajabu mwaka 1318 alimwoa Mwasiti binti Shafii, muuza mawese, na Mungu akawajalia watoto wawili, Asiya ambaye yuko hapa na mama yake, na Sikujua ambaye tutamtaja.

Mwaka 1329, ambao kwa hesabu ya Wadachi ni 1911, ugonjwa wa malale ulikuwa unaua watu ufukoni, na marehemu hakukana hilo hata siku moja, maana alishazika marafiki. Mwezi wa Rajabu ikaja amri kwamba watu wote wa ufukoni wahamie Kizuka, mlimani, mbali na mbung'o iletayo malale, na Jumbe Hadji akamwita marehemu uani kwake, akamwambia atangaze kwamba watu wameulizwa na wamekubali. Walioulizwa ni wazee wanne wa kanzu, waliokunywa kahawa na Jumbe.

Marehemu akasema, "Bwana Jumbe, nitasema mumeamuru. Kusema wamekubali, hapana. Hata mama mumoja hajaulizwa."

Jumbe akamjibu kwamba pembe haiulizi, pembe inapigwa.

Asubuhi yake marehemu akaipiga pembe, lakini bandarini, wanawake walipokuwa wananunua ndagala, dagaa wa ziwani, na wavuvi wanakung'uta nyavu, akaitangaza amri jinsi ilivyo, kwa Kiswahili na kwa Kirundi, kisha akakaa chini, akauliza kila mmoja anaonaje. Walibishana mpaka jua likawa kali, wengine wakamtukana, wakidhani ametumwa kuwatega, na Mwasiti mwenyewe akasimama akamwambia mumewe mbele ya watu kwamba anayewauliza leo aliwatangazia kodi jana. Mwishowe wakakubaliana jambo moja, kwamba mbung'o iko kwenye kichaka cha bandari na njia ya maji, wakifyeke wenyewe, na wagonjwa wapelekwe kwa daktari kwenye kambi ya malale.

Marehemu akalipeleka neno hilo kwa Jumbe, naye Jumbe akalipeleka boma kama uasi. Marehemu alichapwa kiboko hapo hapo bandarini, na watu wakahamishwa na askari, muhogo wao ukiwa bado ardhini.

Huko Kizuka wenye mashamba nao hawakuwa wameulizwa, wakang'oa miche ya wahamiaji, na masika ile njaa ikaingia, akafa Sikujua, mwezi wa Rabiulawali 1330, akiwa na umri wa miaka saba. Marehemu hakumpigia kelele mtu. Alikwenda kwa wakubwa wa Kizuka, na makovu ya kiboko mgongoni, akaketi uani kwao, akawaambia kwa Kirundi, "Amahoro, amani kwenu. Sisi hatukuchagua kuja, na ninyi hamukuchagua kutupokea. Semeni mnataka nini." Walikuwa wakali, wakamweka juani, lakini walisema, na waliposema wakatoa mteremko mmoja wa kulima, kwa sharti la kuletewa samaki.

Mwaka uliofuata boma likataka watu wa kufyeka ufuko, Jumbe akapiga pembe mwenyewe, hakutokea mtu. Ndipo bwana daktari wa kambi akapanda Kizuka, akamwomba marehemu awaite watu, na marehemu akamwambia, "Nitawaita, bwana, lakini ukae, usikie mpaka wamalize." Daktari alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akasikia maneno machungu mengi, ya wanawake hasa, na ilipoisha ikakubaliwa kichaka kifyekwe, na kila mtaa utakaosafishwa watu wake warudi. Wako hapa waliorudi. Jumbe aliliandikia boma kwamba shauri hilo lilikuwa lake, na akapewa kanzu.

Marehemu alifyeka bandarini kwa panga lake, na huko mbung'o ikamuuma. Mfunguo Mosi 1331 shingo yake ikavimba, akaanza kusinzia na tonge mkononi. Wako waliocheka, wakasema malale yamempa jibu. Familia inawajibu kwamba hakubishana na malale, alibishana na uongo. Alichomwa sindano kambini mpaka macho yakapoteza nuru, akarudishwa nyumbani, na alifariki juzi Jumatatu, mwezi wa Safar 1332, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Mwasiti.

Familia inamshukuru bwana daktari na wauguzi wa kambi, wavuvi wa Minago walioleta samaki bila kuombwa, majirani waliopokezana kumwogesha, na wenyeji wa Kizuka walioshuka mlima leo kubeba jeneza. Kwa Jumbe Hadji familia haina shukrani.

Jana Jumbe alituletea amri kwamba maiti ya malale isizikwe mjini, ipelekwe porini, na kwamba watu wamekubali. Mwasiti alipita nyumba kwa nyumba kuuliza nani aliyekubali. Kaburi limechimbwa hapa, na waliolichimba ni ninyi.

Assumani bin Idi, lala salama, umepumzika kati ya watu wako.