Suruali Tatu Mbele ya Hakimu

Kijiwe cha njiapanda pale Karatu kina benchi moja la mkaratusi na birika la Nikodemu, muuza kahawa, na hii ilikuwa siku ya tano kinatafuna kesi ile ile. Dorkasi, mfua nguo wa madereva wa utalii, alipewa lifti na Landkruza jioni, kama kila mtu anavyopewa lifti hapa mjini. Kumbe dereva ni askari kanzu, yuko kwenye mtego wa kunasa wanawake wanaojiuza. Askari akadai wamepatana bei. Ushahidi wake ni suruali tatu za kiume zilizokutwa kwenye mfuko wa Dorkasi. Suruali zenyewe zilikuwa za Tluway, dereva wa utalii, ambaye alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi, kikombe mkononi, na hakuna aliyejua.

— Hicho ni kielelezo kizito, alisema Raymond, aliyeitwa Wakili kwa sababu aliwahi kufagia mahakama miaka sita. Mwanamke mmoja, suruali tatu. Piga hesabu mwenyewe.

— Zilikuwa zimepigwa pasi, Wakili, alisema Nikodemu. Nani anavua suruali ikiwa na mstari wa pasi?

— Ndio ujanja wenyewe! Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Sasa kibaba kimeingiaje hapo?

— Kimeingia. We mimina kahawa.

Sairowua, dalali wa ng'ombe kutoka Kakesio, ambaye wote walimwita Mnada, alitikisa kichwa.

— Mimi nauliza, mteja ni nani? Askari. Shahidi ni nani? Askari huyo huyo. Kwetu ukisema ng'ombe ni wako, unaonyesha alama sikioni. Mdomo mtupu hauswagi ng'ombe.

— Mnada, umechelewa, alisema Wakili. Siku hizi kuna mashine, imeletwa Dodoma. Inanusishwa suruali, inataja mwenyewe, kabila lake, mpaka dhehebu.

Kahawa ikampalia Tluway.

— Pole, kaka, alisema Nikodemu, akamgeukia Wakili. Sasa mbona hawaitumii?

— Itamtaja mkubwa! Zile ni za mheshimiwa fulani. Alizisahau lodge, helikopta ikamchukua na kaptula.

— Acha bwana!

— Ndiyo hivyo. Mficha uchi hazai.

Tluway alikuwa amechoka. Amechoka na Wakili, na zaidi amechoka na nafsi yake. Angeweza kuyamaliza yote kwa sentensi moja: ni zangu, nilimpa afue, alikuwa ananiletea. Lakini yeye ni mzee wa kanisa, na kule Mbulu mkewe Angela angeuliza swali lile lile la polisi: nguo zako zinatafuta nini mikononi mwa mwanamke jioni? Naye, kama Dorkasi, hakuwa na ushahidi zaidi ya neno lake.

Ndipo akasimama mbele yao mama mmoja wa makamo, kanga imejaa vumbi la safari.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Mimi mama yake Dorkasi. Nimetoka Sale jana. Nimemwona mtoto kule mahabusu, hali chakula, na mwenye suruali hamtaji, anaogopa kumharibia nyumba. Sasa yule dada wa msaada wa kisheria kaniambia, kesho saa tatu mwenye nguo akisimama kwa hakimu, akisema ni zangu, nilimpa afue, mwanangu anaweza kutoka. Na mimi hapa mjini simjui mtu. Naomba kuuliza tu. Suruali ni za nani?

Wakili akaangalia ndani ya kikombe chake. Mnada akaangalia barabara. Nikodemu akaanza kufuta birika ambalo halikuwa chafu.

— Hatujui, mama, alisema Tluway, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

Yule mama akamsogelea, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

— Asante, baba. Wewe angalau umenijibu.