Bi Mwanajuma na Simba wa Kibuta

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Aliye jikoni apunguze moto. Leo tunamkumbuka mama mmoja. Jina lake Bi Mwanajuma. Amefariki Jumatatu iliyopita nyumbani kwake Kongowe. Nasema Kongowe ya hapa Kibaha, siyo ile ya Dar es Salaam. Kuna ndugu wawili walipotea wakaenda kuhani msiba wasioujua, wakapewa na chai.

Wengi mlimfahamu bila kumjua jina. Ni yule mama aliyekuwa akikaanga mihogo Maili Moja, karibu na stendi. Mihogo mikavu kwa nje, laini kwa ndani, na kachumbari ya kukutoa machozi. Ndiye huyo. Lakini kabla ya kukaanga mihogo Maili Moja, Bi Mwanajuma alikuwa akiilima. Alilima Kibuta, wilaya ya Kisarawe. Na kilichomtoa Kibuta ni habari ya simba.

Vijana mtacheka. Simba Kibuta? Ndiyo. Walikuwepo. Nilikwenda kwa shemeji yake, Mzee Mwinyimadi, ambaye zamani alikuwa mwindaji. Ni mzee sana sasa. Haoni vizuri, ila kumbukumbu anayo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuuliza simba au umekuja kuuliza shemeji?"

Nikamwambia vyote viwili. Akasema: "Basi keti. Sisi hapa tulikuwa tunaamshwa na simba kabla ya muadhini. Ananguruma kule bondeni, ukimaliza kujinyoosha ndiyo unasikia adhana."

Wasikilizaji wapendwa, miaka hiyo Bi Mwanajuma alikuwa mke kijana wa bwana mmoja aitwaye Seifu, mdogo wake Mzee Mwinyimadi. Walikuwa na watoto wawili wa kike. Mkubwa Rahma, ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yameanza kung'oka. Mdogo Faudhia, bado wa kubebwa. Asubuhi moja mama alishuka kijitoni kuteka maji. Faudhia mgongoni, Rahma nyuma na kindoo chake. Mama akasikia kile kindoo kinaanguka. Akageuka. Kindoo kipo, mtoto hayupo, na majani yanatikisika.

Sitaeleza zaidi ya hapo. Walipata cha kuzika, wakazika.

Siku chache baadaye Mzee Mwinyimadi alimpata simba aliyefanya kazi ile. Alimpiga kwa gobore. Alikuwa jike, mzee, mbavu zinahesabika. Wanaume wakambeba kwenye miti mpaka uani kwa mfiwa, wamwonyeshe, roho yake itulie.

"Shemeji akatoka," alinisimulia Mzee Mwinyimadi. "Akachuchumaa. Mguu wa mbele ulikuwa na waya wa mtego, umezama hadi kwenye mfupa. Akaugusa. Akauliza, 'Mtego wa nani huu?' Watu wakarudi nyuma. Akasema, 'Haya. Huyu ameshalipa.' Akaingia ndani."

Hapo ingeweza kuwa mwisho. Haikuwa mwisho. Kijiji kilikaa kikao. Ikapendekezwa simba wote wa bonde lile wamalizwe, kwa sumu, ndani ya mizoga ya mbuzi. Watu walikuwa na hofu, na hofu yao ilikuwa ya haki. Nani angepeleka mtoto kijitoni tena? Wote wakakubali. Halafu Bi Mwanajuma akasimama. Enzi hizo mwanamke hakusimama hovyo kwenye kikao cha wanaume.

Akasema: "Mwenye msiba ni mimi. Aliyeniulia mwanangu amekwisha kufa. Hao wengine mnawadai nini?"

Mtu mmoja akamjibu kwa upole: "Mama, uchungu umekuchanganya. Nenda kapumzike."

"Sijachanganyikiwa. Nataka mnijibu."

Kikao kikaendelea. Walipofika nyumbani, mumewe alimwambia: "Umenitia aibu mbele za watu. Watasema humlilii mwanao." Bi Mwanajuma naye akamwambia: "Namlilia. Lakini simlilii kwa sumu."

Hapa binti yake, Faudhia, aliyekuwa mgongoni siku ile, ameniomba niseme jambo. Namnukuu: "Watu wasimgeuze mama kuwa mpenzi wa wanyama. Mama alimwogopa simba mpaka anakufa. Hata picha ya simba kwenye kalenda hakuitaka ukutani. Yeye alisema tu, aliyekosa ameadhibiwa, basi."

Basi sumu ikawekwa. Na aliyeiweka mara nyingi ni Seifu mwenyewe, baba wa mtoto. Msimu wa kwanza wa kiangazi walipatikana simba kando ya kijito, mmoja hapa, mmoja pale. Tai walioshuka kuwala wakafa juu yao. Fisi wakafa. Mbwa wa kijiji wakafa. Msimu wa pili alibaki mmoja. Mzee Mwinyimadi anasema alikuwa dume. Alikuwa akinguruma alfajiri, ananyamaza, anasikiliza, ananguruma tena. Hakuna wa kumjibu. Halafu siku moja ikaja adhana peke yake.

Watu walifurahi. Na mimi nawaelewa. Watoto walirudi kijitoni, na wanawake wakaenda kuni bila kusindikizwa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kibuta ni kijiji cha Waislamu, tangu mababu. Nguruwe pori hapo hawindwi kwa kitoweo. Hana mlaji. Mlaji wake alikuwa mmoja tu, naye ni simba. Simba wameisha. Nguruwe wakabaki bila mlaji.

Mwaka wa kwanza hakuna aliyeona kitu. Baadaye ukaanza kuona tuta moja limefukuliwa, kesho matuta matano. Kisha yakawa makundi, na watoto wao nyuma wenye michirizi mgongoni. Walikula mihogo, karanga, viazi. Seifu alijenga dungu la kulindia shamba, akapiga madebe mpaka sauti ikamkauka. Akilinda upande wa juu, wanaingia upande wa chini.

Asubuhi moja mume na mke walifika shambani wakakuta hakuna shamba. Mihogo ambayo ingevunwa mwezi ule imelala chini, imetafunwa nusunusu. Seifu akakaa juu ya tuta. Maneno haya Bi Mwanajuma alinipa mwenyewe, miaka mitatu iliyopita.

Seifu alisema: "Mwanajuma, sema basi."

"Niseme nini?"

"Hicho unachotaka kusema tangu siku zile."

"Sina cha kusema. Chukua jembe."

Wakapanda tena. Wakaliwa tena. Ndipo wakafunga virago, na Faudhia wao, wakaja Kongowe kwa dada yake Seifu. Seifu akawa kibarua wa ujenzi. Bi Mwanajuma akawa ananunua mihogo kwa watu, anakaanga, anauza Maili Moja. Mtu aliyezaliwa akiing'oa ardhini, sasa anainunua kwa mafungu. Faudhia anasema baba yake hakuweza kuila mihogo ile. Alikuwa akimbebea mkewe karai mpaka stendi kila alfajiri, hata mgongo ulipoanza kumsumbua, lakini kuila hakuila. Seifu alifariki zamani. Aliuguzwa na mkewe mpaka pumzi ya mwisho.

Mimi nilimjua Bi Mwanajuma kwa sababu ya redio hii. Miaka mitatu iliyopita, mtakumbuka, tulipata habari kuwa simba ameonekana upande wa Kibuta. Mmoja, amepotea njia kutoka mbali. Tulifungua simu hapa studio. Mpigaji baada ya mpigaji alisema auawe. Ikaingia simu kutoka Kongowe, sauti ya bibi.

"Huyo simba amekula mtu?"

Nikasema, "Hatujapata taarifa hiyo, bibi."

"Amekula mbuzi wa mtu?"

"Hapana, bibi."

"Basi semeni hapo redioni wamwache apite. Nyumba yangu ilinyang'anywa mtoto na simba. Mimi ndiye nasema wamwache apite."

Tulisema. Nilirudia maneno yake mara mbili. Kesho yake, kabla maofisa wa wanyamapori hawajafika, vijana walimzunguka yule simba kichakani kwa mikuki na mapanga. Wakamwua.

Nikatafuta nyumba ya bibi nikaenda kumpa habari mwenyewe. Alikuwa barazani anamenya mihogo. Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Walimpasua tumbo?"

"Walimpasua, bibi."

"Walikuta nini?"

Nilikuwa nimeuliza, kwa hiyo nilijua. "Nyama ya nguruwe pori."

Kisu kikasimama. Akasema, "Alikuwa anatulindia shamba." Kisha akaendelea kumenya, na baadaye akanikaribisha chai, tukazungumza mambo mengine. Hakumlaani mtu.

Wasikilizaji wapendwa, Bi Mwanajuma amezikwa Kibuta, Jumanne alasiri, kando ya mwanawe Rahma. Nilikuwepo. Baada ya dua watu hawakuondoka. Vijana walikata miiba wakalifunika kaburi lote, safu juu ya safu, wakaikandamiza kwa mawe. Nikamwuliza mmoja kwa nini. Akanishangaa. "Nguruwe, kaka. Udongo mpya hawauachi."

Kwa Faudhia na wanawe, kwa Mzee Mwinyimadi na ukoo mzima, kwa kina mama wa Maili Moja waliokaa naye jikoni miaka yote hiyo, sisi wa redio hii tunawapa pole. Mwenyezi Mungu amrehemu, amkutanishe na mwanawe.

Na wewe uliye nyumbani, kama una mzee ndani, zima redio tukimaliza. Mwulize ni mnyama gani aliyekuwepo kwenu zamani na leo hayupo. Mwulize nani alimmaliza, na walikuwa wanaogopa nini. Usimlaumu. Msikilize tu mpaka amalize.