Kibanja Kikikatwa

Izigo, mwaka 1993. Mvua imekatika sasa hivi na benchi la mbele ya duka bado lina unyevu, lakini kahawa ni moto, nani atajali? Wameketi watatu: Datius, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, Privatus, mwalimu wa fizikia, kwa kifupi Mwalimu, na Lwakatare. Kesho wazee wa ukoo wanakuja kumsimamia Lwakatare apande emilamula, miti ya mpaka, kati yake na Anatolia, mjane wa mdogo wake. Kibanja hicho, shamba la migomba la familia, hakijawahi kukatwa.

— Niambieni, mstari niupitishe wapi nisimdhulumu?

— Wataalamu wa kwanta, fizikia ya vitu vidogo kabisa, wameliandika jambo hilo, alisema Mwalimu.

— La kibanja changu?

— La anga tupu. Hata pasipo na kitu, jirani na jirani wamefungamana. Ukichora mpaka ukatazama upande mmoja tu, kuna mambo hutayajua tena. Na kiasi cha usichokijua hakifuati ukubwa wa ndani. Kinafuata ukubwa wa mpaka.

— Rahisi hivyo? alidakia Redio. Tafuta mpaka mfupi. Duara! Mjane akae katikati.

— Kisimani apitie wapi? aliuliza Lwakatare. Juu?

— Achimbe chini, kama fuko.

— Hebu nyamaza. Mwalimu, na mpaka ukiwa mrefu?

— Usichokijua kinaongezeka. Nyuzi za mfungamano nyingi zaidi zimekatwa.

— Nyuzi! Redio alisimama, kahawa ikammwagikia. Basi mpaka uende kama nyoka, uzunguke kila mgomba, wafungamane hadi Bukoba mjini!

— Mpaka hauleti mfungamano, Redio. Mfungamano ulikuwepo kabla ya jembe.

Lwakatare aliinamia kikombe chake.

— Mimi na marehemu tulivuna pamoja miaka kumi na tano. Hiyo nayo imo kwenye vitabu vyako?

— Sura hiyo sijaifikia, kaka.

Hapo Anatolia akatokea na ndoo kichwani. Akasalimu, akaitua.

— Nasikia mnakata kibanja kwa duara.

— Kitaalamu kabisa, mama, alisema Redio.

— Haya. Na mimi nimeulizwa lini kama nataka kikatwe?

Redio alinyamaza, hadi mwenye duka akachungulia kuona kama anaumwa. Mwalimu aliinamisha birika la kahawa: likatoka tone moja tu. Lwakatare akasogea, akaipangusa nafasi kando yake kwa mkono wa shati.

— Kaa, shemeji. Tuanze upya.