Tabitha Wacuka Gichuru na Sebule Aliyoipanga

Ndugu, majirani na marafiki, mimi ni Gitonga, mdogo wake marehemu. Nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu. Angekuwa amesimama hapa, angeshaniambia nisogee kidogo kwa sababu nimeyaziba maua.

Marehemu Tabitha Wacuka Gichuru alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 huko Gatundu, kifungua mimba wa wazazi wetu, ambao wote wametangulia. Alimaliza darasa la saba mwaka wa 1970 katika shule ya msingi ya pale kijijini, kisha akajifunza ushonaji kanisani mjini Thika.

Mwaka wa 1975 alikuja Nairobi na kuanza kushona mapazia katika kibanda karibu na soko la Kariokor. Aliifanya kazi hiyo hadi miguu ilipoikataa cherehani mwaka wa 2016. Mteja alikuja kununua pazia akaondoka na somo. Ayuma, aliyekuwa akiuza katika kibanda cha jirani, alikuwa amepanga chumba kimoja Tassia na alilalamika kwamba hakikaliki. Dada alienda kukiangalia. Hakumwambia anunue chochote. Alimwambia aoshe dirisha, alivute kochi kutoka ukutani liangalie mlango, na taa ya dari aizime jioni, awashe ndogo ya mezani. Mabaki ya vitambaa akamshonea foronya za mito. Ayuma yuko nasi leo, na bado analalamika, ila sasa ni kwamba wageni wake hawaendi nyumbani.

Tarehe 18 Agosti 1979 dada alifunga ndoa na Bwana Gichuru, karani wa serikali, na mwaka wa 1982 wakahamia Buruburu Phase Three. Mungu akawajalia Lorraine na Owen. Kila mwisho wa mwezi dada aliipanga sebule upya, na mchukuzi wa makochi nilikuwa mimi, mshahara wangu chapati. Jioni moja shemeji alirudi kutoka kazini, akasimama mlangoni na kuuliza kwa adabu, "Samahani, hapa ni kwa Mama Lorraine?" Dada alicheka hadi akakaa sakafuni.

Mwaka wa 2013 presha ya macho ilimnyang'anya shemeji uwezo wa kuona. Dada hakuacha mazoea yake mara moja. Siku moja shemeji alijikwaa kwenye meza iliyohamishwa asubuhi hiyo, akaanguka vibaya. Tangu siku hiyo hakuna kiti kilichosogezwa tena katika nyumba ile. Nani asiyejua jinsi dada alivyopenda kuhamisha vitu? Aliacha. Alianza kuipamba nyumba kwa ajili ya miguu na pua: mkeka wa katani mlangoni, zulia laini mbele ya kiti cha mume wake, na mche wa rosmari kwenye chungu, pale pa kukata kona kwenda chumbani. Mgeni aliona sebule nzuri tu. Shemeji alitembea humo bila fimbo.

Mwaka wa 2022 madaktari waligundua kwamba moyo wa dada umepanuka. Aliugua kwa uvumilivu, akitoa maagizo akiwa amelala. Alituacha Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Jioni hiyo tulifanya kama ifanyikavyo kwenye msiba. Tulitoa makochi, tukakunja mazulia na kujaza viti vya plastiki ili waombolezaji wapate nafasi. Asubuhi shemeji alitoka chumbani, akanyoosha mkono kutafuta mgongo wa kochi, akakosa. Alibaki katikati ya sebule yake mwenyewe, mikono mbele, hajui aelekee wapi.

"Kwani Mama Lorraine amehamisha viti tena?" aliuliza.

Mimi nililia. Watoto walikuwa wameshakubaliana kumhamisha, maana waliona hawezi kuishi peke yake. Alipoambiwa, alisema kwa upole, "Nirudishieni nyumba vile aliiacha. Nikipotea humo, nitawafuata." Tulirudisha vitu vyote siku hiyo hiyo. Hatukuhitaji kukisia. Pale kila kiti kilipokuwa kimekaa, mbao za sakafu zilikuwa zimebaki na rangi yake ya zamani, kwa miaka yote ambayo dada hakukisogeza. Waombolezaji tukawapokea nje, kwenye hema. Shemeji alitembea kutoka mlangoni hadi kitini kwake, akakaa. Watoto hawakuzungumza tena habari ya kumhamisha.

Marehemu amemwacha mume wake, Bwana Gichuru, watoto wake, Lorraine na Owen, wajukuu watatu, nami mdogo wake. Mtakaopita Buruburu baada ya mazishi, karibuni chai, kaeni mkae sana. Kiti tu msikisogeze.

Pumzika kwa amani, dada. Kila kitu kiko mahali ulipokiacha.