Mzee Dishon Oketch (1931–1994) na Uji wa Lornah

Mtu asiyemwamini Mungu, akifa anakwenda wapi? Mmelinong'ona swali hili tangu mwili wa baba uletwe. Mimi nalisema mbele ya jeneza, kwa sababu yeye hakuwa mtu wa kunong'ona.

Mzee Dishon Oketch alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 hapa Luanda Kotieno, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Ogola. Alisoma hadi darasa la nne, karo ikakosekana, akajifunza kuunda mashua. Kuanzia 1955 alikuwa seremala mjini Kisumu, akiishi mtaa wa Obunga, hadi aliporudi nyumbani 1977. Mashua zake bado ziko majini. Wenyewe mko hapa.

Mwaka 1962 alimwoa mama yetu Dorca, binti Obiero wa Asembo. Walibatizwa siku moja. Juni 1970 kifungua mimba wao, Lornah, wa miaka sita, aliugua surua. Baba aliomba na wazee wa kanisa siku tatu. Lornah akafa. Baba hakukanyaga kanisa tena.

Ila kila asubuhi akiwa nyumbani, kabla ya kunywa uji wake, alimwaga kata moja kaburini kwa Lornah na kumpa habari za boma. Mama alimtania.

"Baba Lornah, Mungu humtaki, lakini aliyekufa unamnywesha uji?"

"Mungu sijawahi kukutana naye. Lornah nilimbeba."

"Na huko aliko, nani anamlinda kama si Mungu?"

"Basi mwambie asimnywee uji wake."

Mimi niliporudi kutoka chuo cha ualimu nilimwambia kwamba ukimwondoa Mungu, ahera nayo inaanguka, kama paa lisilo na kuta. Akaniuliza, "Wewe umejenga nyumba ngapi?"

Januari mwaka huu aligunduliwa kuwa na saratani ya koo. Kufikia Julai sauti ilikuwa imekwisha. Jumanne tarehe 9 Agosti, katika hospitali moja Kisumu, mama alimwinamia. "Baba Lornah, inua mkono tu kama unamwamini Mungu, nijue tutaonana." Akainua. Mchungaji akasema ametubu. Lakini ndio mkono aliouinua kila alipotaka maji, na hakuna aliyempa maji. Saa tisa alasiri alikata roho.

Mama ameniuliza mara nyingi mkono ule ulisema nini. Nilikuwepo. Nimesoma. Sijui.

Ameacha mjane wake Dorca, watoto Opiyo, Seline na mimi Oduor, na wajukuu saba. Apumzike, popote palipo na pumziko.

Asubuhi iliyofuata kifo chake nilimkuta mama kaburini kwa Lornah, amejifunga kitambaa chake cha kanisa, kata ya uji mkononi. Sikuwa nimemwona akifanya hivyo hata siku moja. Aliumwaga wote, polepole.

"Lornah," akasema, "baba yako ametoka Kisumu jana. Sijui wamempeleka wapi. Nenda umtafute."