Leonida Almero Danao Anazikwa na Buti Zake

Kabla jeneza halijafungwa, familia inapenda kila aliyefika makaburini leo ajue jambo moja: marehemu Leonida amevaa buti. Minong'ono tumeisikia tangu mkesha wa kwanza. Kwetu hapa kisiwani Masbate, Ufilipino, maiti hulazwa miguu mitupu, asije akarudi nyumbani na kuwatisha watu kwa vishindo. Mwiko huo tumeuvunja tukiwa na akili zetu timamu, na atakayetaka kutusema atuseme tukiwa tumesimama hapa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1956 huko Uson, mtoto wa kwanza wa Eusebio Almero, mchunga ng'ombe, na mkewe Consorcia. Mwaka 1968 Eusebio alipigwa pembe na fahali akafa, akazikwa miguu mitupu kama ilivyo desturi. Wenzake wa ranchi walipokuja kuomba buti zake, walimkuta Leonida amekwisha kuzivaa, amejaza matambara mbele ili zisimpwaye. Mama yake akawaambia warudi tu makwao. Tangu siku hiyo hakuvaa kiatu kingine, na jozi moja ilipochakaa alitafuta nyingine ya namna ileile.

Alisoma shule ya masista, akamaliza Machi 1973. Siku ya mahafali aliambiwa kwamba asiyevaa viatu vyeupe hapandi jukwaani. Hakubishana. Alitoka nje, akasimama dirishani, na jina lake liliposomwa akaitikia, "Nipo, Sista," kwa sauti iliyofanya ukumbi mzima uangue kicheko. Cheti alipewa kupitia dirishani.

Mwaka uliofuata aliajiriwa kwenye ranchi moja ya Milagros awapikie wachunga ng'ombe. Haikuchukua muda akawa anawatupia ndama kamba, na mapishi akapewa mtu mwingine. Baadaye alishindana kila Aprili kwenye rodeo ya mjini, mashindano ya wachunga ng'ombe. Mwaka mmoja kijana alimtania mbele ya watu, "Mama, hizo buti umeziazima kwa mzee nyumbani?" Leonida akamjibu huku akikaza fundo, "Mzee wangu anavaa kandambili, mwanangu. Buti zinamtisha." Kisha akamlaza ndama chini kabla kijana huyo hajamaliza kucheka.

Mzee huyo ni Crisanto Danao, fundi cherehani, aliyefunga naye ndoa tarehe 18 Januari 1981. Gauni la harusi alilishona bwana harusi mwenyewe, akalifupisha makusudi ili buti zionekane. Nyumba yao imeinuliwa juu ya nguzo, na kila mtu huacha ndala chini ya ngazi ya mianzi. Leonida alipanda na buti zake mpaka juu, mianzi ikilia, ndipo alipozivua mlangoni. Crisanto akisikia vile vishindo alikuwa anapakua wali.

Mwaka 2015 aligundulika kuwa na kisukari. Hatutaficha kitu: kidonda cha mguu alikifuga ndani ya buti bila kumwambia mtu, na mwaka 2019 mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti. Perpetua, mdogo wake, alimlilia kitandani, "Dada, hizo buti zimeula mguu wako."

"Zimeula mmoja, Perpetua," alisema. "Lakini zimenibeba mwili mzima miaka hamsini."

Aliendelea na buti moja na gongo la kutembelea. Mlio wa ngazi ulibadilika, wali ukaendelea kupakuliwa.

Alifariki nyumbani tarehe 3 Novemba 2023, figo zikiwa zimechoka, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Perpetua alimwosha, kisha akazificha buti zote mbili ndani ya pipa la mchele. Alisema wazi kwamba hizo ndizo zilizomuua dada yake, na kwamba hakuwa tayari kulala akimsikia akipanda ngazi.

Crisanto si msemaji. Siku hiyo alisema.

"Shemeji, nimemsikia akipanda ile ngazi miaka arobaini na miwili. Sasa nyumba iko kimya, nami siiwezi. Wewe unaogopa asije akarudi. Mimi naogopa aje nisimsikie."

Asubuhi Perpetua alizitoa buti kwenye pipa, akazipaka mafuta ya nazi mpaka zikang'aa. Ya kulia alimvalisha dada yake kwa mikono yake. Ya kushoto aliijaza matambara, kama Leonida alivyofanya alipokuwa mtoto, akailaza mahali pake. Tena alilia sana, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Marehemu ameacha mume, Crisanto, watoto wawili, Eusebio na Dalisay, wajukuu watano, na mdogo wake, Perpetua.

Ile ngazi ya mianzi haitabadilishwa. Leonida apumzike kwa amani. Na akichoka kupumzika, apande kwa kishindo kama kawaida yake. Crisanto atapakua wali.