Mahrokh Jafrudi, Mpimaji wa Mayai ya Filmahi (1941–2004)

Kila nafsi itaonja mauti. Leo zamu imemfika mtu ambaye hakuonja kitu kabla hajakipima.

Mahrokh Jafrudi alizaliwa tarehe 12 Oktoba 1941 mtaa wa Ghazian, Bandar Anzali, kifungua mimba wa mvuvi Yadollah. Alisoma hapahapa Anzali, kisha kemia mjini Tehran, akahitimu mwaka 1964.

Mwaka huohuo aliajiriwa katika maabara ya samaki bandarini, akaitumikia miaka thelathini na tatu. Kazi yake ilikuwa kuyachoma mayai meusi ya filmahi, yule samaki mkubwa wa Bahari ya Kaspi, mpaka yawe majivu, kisha kutafuta humo chuma, zinki, zebaki na madini ya risasi. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna mvuvi aliyemshukuru.

Heshmat, mtia chumvi wa mayai hayo, alimkuta tanurini.

"Binti, samaki huyu amekukosea nini?"

"Nikiyala sitajua yana nini."

Walioana Mei 1967. Hawakujaliwa mtoto.

Mwaka 1986 wifi yake, Golandam, alikuwa mjamzito na damu imempungukia. Kwetu, mtu wa hivyo hulishwa mayai ya filmahi kwa kijiko. Mumewe Nosrat, mdogo wake marehemu, akaleta bakuli zima kutoka baharini. Marehemu akachota kijiko kimoja, akaenda nacho kazini. Kesho yake alirudi hoi.

"Chuma kipo. Risasi nayo ipo, imepita kiasi. Asile."

"Dada, si tumekulia mayai haya haya?"

"Tumekulia. Nani alitupima?"

Akalimwaga bakuli mbele ya wageni waliokuja kumjulia hali Golandam. Nosrat alisusa nyumba ya dada yake miaka kumi na mitatu, hadi walipomzika Heshmat mwaka 1999. Iliuma sana, tusifichane.

Januari 2004 marehemu aliugua maradhi ya damu. Mwanzoni mwa Machi Nosrat akaleta kopo la mayai, safari hii na karatasi ya maabara. Mgonjwa akaomba miwani.

"Wamepima mara moja tu. Risasi hupimwa mara mbili."

"Dada, mgonjwa hoi, bado unabishana na karatasi!"

Wakacheka wote wawili. Nosrat akabeba kopo, akarudi maabara.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 9 Machi, alfajiri. Majibu ya pili yalitoka saa nne asubuhi.

Ameacha mdogo wake Nosrat, wifi yake Golandam, na Mahsima, aliyekuwa tumboni siku bakuli lilipomwagwa, na ambaye ndiye anayewasomea haya. Karatasi iko mfukoni mwa baba yake. Inasema: salama.

Apumzike kwa amani shangazi yetu. Wamepima mara mbili.